Nyota, MO, N0: maana ya tairi lililoidhinishwa na kiwanda cha gari

Ukiinama kando ya BMW na kusoma ubavu wa tairi, huenda ukakuta kinyota kidogo (★) karibu na vipimo. Kwenye Mercedes-Benz utakuta MO, kwenye Audi AO, kwenye Porsche N na tarakimu, kwenye Jaguar J, kwenye Tesla T0. Alama hiyo inahusu kiwanda cha gari, ingawa tairi lenyewe ni la Michelin, Pirelli, Continental au mwingine. Maana yake: tairi hili lilirekebishwa na kujaribiwa kwa ajili ya magari ya kiwanda hicho, nacho kikalikubali.

Marekebisho hayo ni ya kweli, hayaishii kwenye maandishi. Mchanganyiko wa mpira unaweza kuwa tofauti, nyuzi na waya za ndani zikapangwa vingine, ubavu ukawa mgumu zaidi au laini zaidi. Mengine hubandikwa sponji ndani ili kupunguza mvumo. Michelin Pilot Sport 4 S, kwa mfano, lipo lisilo na alama, lipo la nyota na lipo la N0. Jina ni moja na kashata (michoro ya mpira inayogusa barabara) zinafanana kwa macho, lakini barabarani hayana tabia moja. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "ni lilelile tu", muombe akugeuzie ubavu usome mwenyewe.

Alama hii si daraja la ubora. Porsche huanza na N0, kisha toleo linalofuata la tairi hilohilo huitwa N1, halafu N2. Ni mfuatano wa matoleo. Wala tairi lenye alama si lazima liwe bora kwa barabara unayopita wewe. Kiwanda huchagua kwa kupatanisha mambo mengi: ulaji wa mafuta, kelele, uzito, breki kwenye lami yenye maji. Gari linaloshinda kwenye changarawe na mashimo lina mahitaji ambayo pengine hayakupewa uzito mkubwa katika upatanisho huo.

Kuna mambo matatu yasiyo na mjadala, tairi liwe na alama au lisiwe nayo: kipimo, namba ya uzito na herufi ya mwendo. Chukua 205/55 R16 91V, kipimo kinachotumika kuanzia Volkswagen Golf hadi Mercedes-Benz C-Class. Upana ni milimita 205. Kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, yaani karibu milimita 113. Rimu ni inchi 16. Namba 91 ina maana kwamba tairi moja hubeba hadi kilo 615, na V ni mwendo wa hadi kilomita 240 kwa saa. H ni 210, T ni 190, S ni 180. Mahitaji ya gari lako yamo kwenye kitabu chake, na kipimo na upepo vimeandikwa kwenye stika ya fremu ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika upepo kwa kPa: 230 ni kama psi 33. Kupanda namba ya uzito hakuna tatizo. Kushuka ndiko kosa, kwa sababu tairi lililozidiwa uzito hupata joto, na joto ndilo linaloachanisha tabaka za ndani mpaka likapasuka safarini.

Wengi hubadilisha kipimo ili gari liinuke. Hesabu yake haipendezi. Ukitoka 195/65 R15 kwenda 205/65 R15, kipenyo hukua kutoka milimita 634.5 hadi 647.5. Hiyo ni milimita 13, lakini gari huinuka kwa nusu yake tu, milimita 6.5. Kwa faida hiyo ndogo, spidomita itasoma chini ya mwendo halisi kwa karibu asilimia 2, na tairi linaweza kuanza kukwaruza matagadi ukikata kona na abiria wamejaa.

Sasa, ni lini alama ifuatwe? Kwenye Porsche na magari mengine ya kasi, ifuate. Usukani na vifaa vya kuzuia gari lisiserereke vilirekebishwa kwa matairi hayo, na mara nyingi ya mbele na ya nyuma yana upana tofauti. Kwenye BMW au Mercedes ya kawaida ya kuendea kazini, tairi zuri lisilo na alama, lenye kipimo na namba sahihi, linafaa kabisa, ilimradi yote manne yawe ya aina moja. Kuchanganya ndiko kunakoleta balaa: nyota kushoto na lisilo na nyota kulia kwenye ekseli moja, gari huvuta upande mmoja ukishika breki. Toyota na watengenezaji wengi wa Japani hawana desturi ya kupiga alama hizi, kwa hiyo mwenye Premio au Fielder asipoteze siku kuitafuta.

Magari yanayosukuma magurudumu yote manne yana sharti gumu kuliko alama. Subaru hutaka mizingo (urefu wa kulizunguka tairi kwa nje) ya matairi yote manne isipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6.4. Ukigawanya kwa hesabu ya duara, hiyo ni tofauti ya takriban milimita 1 tu ya kina cha kashata. Mwenye Forester akipasukiwa na tairi moja huku matatu yamekwisha nusu, kisha akafunga moja jipya, difu la kati (gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) litakuwa linafidia tofauti hiyo kila mzunguko hata kwenye barabara iliyonyooka. Hupata joto na mwisho hufa. BMW za xDrive, yaani zinazosukuma magurudumu yote manne, huumia namna hiyohiyo kwenye kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma. Bei ya matairi manne inauma, lakini ukarabati huo ni mkubwa zaidi.

Kuna pia ranflati, tairi lenye ubavu mnene linaloweza kubeba gari bila upepo, kwa kawaida kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Kila kampuni ina herufi zake: RFT kwa Bridgestone, ZP kwa Michelin, SSR kwa Continental, ROF kwa Goodyear, MOE ni ranflati iliyoidhinishwa na Mercedes. Magari mengi yanayokuja nayo hayana tairi la akiba. Ukihamia matairi ya kawaida gari litatulia zaidi kwenye makorongo, na mimi naona ni uamuzi wa busara, lakini badilisha yote manne na siku hiyohiyo nunua tairi la akiba na jeki, au angalau pampu na dawa ya kuziba pancha. Ukibaki na ranflati, hakikisha taa ya kuonya upepo inafanya kazi, maana tairi hilo halilali likiisha upepo na hutajua kwa macho. Likishaendeshwa bila upepo, lisizibwe tu na kurudishwa kazini: ubavu huungua kwa ndani huku nje likionekana zima. Na lisitolewe kwenye rimu kwa nondo. Linataka mashine, la sivyo ukingo unaokaa kwenye rimu huchanika.

Mwenye gari lililotoka Japani aangalie jambo jingine mapema: neno STUDLESS kwenye ubavu. Ni tairi la barafu, lenye mpira laini na vichanjo vidogo vingi kwenye kashata, na mara nyingi herufi yake ya mwendo ni Q, kilomita 160. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa mpira huo huisha haraka, hulegea kwenye kona na huchelewa kusimama kwenye lami yenye maji. Hata likiwa na kashata nzito, liondoe.

Umri husomwa kwenye tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Viwanda vingi vya magari hushauri kubadilisha baada ya miaka 6. Michelin na Continental huweka ukomo wa miaka 10. Jua la pwani halingoji ukomo huo, hivyo nyufa ndogo ubavuni ni sababu ya kutosha. Kashata zikifikia vijiti vya TWI (alama za kikomo cha kuchakaa) vilivyo ndani ya mifereji, zimebaki milimita 1.6, na huko kwenye kipara mvua haina huruma.

Ukinunua mawili tu kwa gari la kawaida, yafunge nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ikiteleza dereva huhisi kwenye usukani na kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza gari huzunguka kabla hajafahamu. Piga balansi kila tairi jipya, na alaimenti kama ya zamani yaliliwa upande mmoja. Nati zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, kwa mpangilio wa nyota, yaani ukikaza moja unaruka kwenda ya upande wa pili. Kwenye magari mengi madogo ya Toyota nguvu hiyo ni Nm (nyutoni mita) 103. Zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, rimu ikiwa imeshakaa mahali pake.