Si Kila Chenye Tanga Ni Dau

Nimerudishiwa tafsiri niliyoihariri. Kila nilipoandika "chombo", mtu amefuta na kuweka "dau", kisha pembeni akaniandikia somo: dau ni neno la Kiarabu, na ndilo Kiswahili sahihi cha dhow, neno la Kiingereza kwa vyombo vya tanga vya bahari yetu. Si mara ya kwanza, wala ya kumi. Leo basi.

Nahodha wa Kiarabu wa enzi za matanga ungemuuliza ana chombo gani, asingekwambia dau. Angekwambia sambuki, bum, baghala au ganja, na kwa jina hilo ungeshajua umbo: bum imechongoka omo (mbele) na tezi (nyuma), baghala ina tezi bapa lenye nakshi. Manowari za Waingereza za karne ya 19 zilizokuwa zikisaka vyombo vya biashara ya watumwa katika bahari yetu hazikuwa na haja na tofauti hizo. Kwao kila chombo cha huku kilikuwa dhow. (Ile h wameichomeka wao, haina kazi.) Hata mtepe, ulioshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, wenye tanga la mraba la mkeka, nao wakautia kapuni humohumo. Walichukua jina la chombo kimoja wakaviita vyote. Sasa sisi tunalipokea kutoka kwao, limevimba, tunaliandika bila h na kujisifu kwamba tumetafsiri.

Asili yake? Neno lipo Kiarabu, lipo Kimarathi, lipo kwetu, na wataalamu hawajakubaliana nani alimwazima nani. Kulikuta katika kamusi ya Kiarabu si cheti cha kuzaliwa. Mimi mwenyewe nimeshabadilisha mawazo mara mbili.

Maana yake pwani haina utata wa kiasi hicho. Dau ni chombo kidogo kilichochongoka pande zote mbili. Mashua ina tezi la kukatwa. Jahazi ni kubwa, la kubeba shehena. Ngalawa ni gogo lililochongwa na kutiwa ndubi mbavuni, za kulizuia lisipinduke. Nakiri mipaka inateleza: jina hufuata fundi na bandari, na nimewahi kusikia wazee wawili wakibishania chombo kimoja kilichokuwa kimeegeshwa mbele yao. Lakini walibishania dau au mashua. Hakuna aliyesema vyote ni madau.

Na udogo huo umo katika lugha yenyewe. "Dau la mnyonge haliendi joshi." Watu huinukuu wakidhani joshi ni mwendo wa kasi. Sivyo! Kwenda joshi ni kukaza tanga na kupanda kuelekea upepo unakotoka, kazi inayotaka chombo kizuri na mabaharia wa kutosha. Mnyonge ana kidau chake, tanga lenye viraka, na labda mtoto mmoja wa kumsaidia. Upepo ukimkabili, anarudi alikotoka. Weka jahazi hapo uone kama methali itasimama. Mwenye jahazi si mnyonge.

Neno la jumla tunalo, nalo limo katika methali ambayo kila mtoto anaijua: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo, vyombo. Ukitaka kubainisha, sema chombo cha tanga. Ndiyo maana niliandika hivyo.

Nimeulizwa pia kama dau la kamari ni hilihili la baharini, eti mchezaji "anapanda dau" kama abiria. Inachekesha, ila siikubali. Kihindi na Kiajemi vina neno linalokaribiana nalo sana, lenye maana ya kile kinachowekwa mchezoni, na naona letu limetoka huko. Nikidaiwa hati ya kuthibitisha, sina. Ni maneno mawili yaliyokutana sauti.

Tafsiri nimeirudisha, "chombo" kila mahali. Nimebakiza "dau" mara moja tu, kwenye maelezo ya picha, kwa sababu kile kilichopigwa picha kweli ni dau.