Epsilon Indi: nyota hafifu ya kusini na mambo yanayosomwa kwenye mwanga wake

Katikati ya Oktoba, mnamo saa tatu usiku, mtu aliyesimama ufukweni mwa Ziwa Victoria, Luchelele au Kayenze mkoani Mwanza, anaweza kuitafuta nyota ambayo macho ya wengi huipita tu. Geukia kusini. Anza na Fomalhaut, nyota nyeupe inayong'aa peke yake, juu sana. Nyoosha mkono mbele yako ukunje ngumi. Ngumi hiyo hufunika nyuzi 10 hivi za anga. Shuka ngumi mbili kutoka Fomalhaut ukielekea kulia kidogo, utakutana na nyota mbili zilizokaa karibu usawa mmoja. Ya kushoto ina wekundu. Ya kulia ni nyeupe yenye ubluu, nayo ndiyo Alnair, ya kundinyota la Kuruki. Shuka tena ngumi moja na ziada uipate Alfa ya kundinyota la Tukani, yenye rangi ya chungwa. Sasa tazama juu kidogo ya hiyo Alfa, upande wa kulia, kiasi cha upana wa vidole viwili. Pale pana nukta ndogo ya mwanga. Hiyo ni Epsilon Indi, ya kundinyota la Mhindi.

Daraja lake la mwangaza ni 4.7. Katika kipimo hiki namba ikipanda mwangaza unashuka, na tofauti ya madaraja 5 ni sawa na mwangaza mara 100. Jicho lisilo na darubini, penye giza la kutosha, huishia kama daraja la 6. Kwa hiyo aliye Nyakato au Kirumba, katikati ya taa za barabara na maduka, pengine asiione kabisa. Aliye Ukerewe au kisiwa cha Kome ataiona vizuri usiku usio na mbalamwezi. Mwezi Agosti huwa kusini saa saba usiku, Septemba saa tano, na Novemba mara tu giza linapoingia, mawingu ya vuli yakiruhusu.

Sisi tunaofundisha fizikia huwa tunakimbilia kuonyesha nyota kubwa na angavu. Mimi naona Epsilon Indi inafundisha zaidi, kwa sababu karibu kila tunachokijua juu yake kinaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua na mtu yeyote aliyemaliza kidato cha nne. Tena iko katikati ya nyota mbili zinazofaa kulinganishwa nayo.

Swali la kwanza ni kwa nini ni hafifu. Wavuvi wetu wa dagaa wanalijua jibu hata kama hawajawahi kuliandika. Kipindi cha giza, mitumbwi inapotoka na taa zake, ziwa hujaa nuru ndogo ndogo, na aliye nchi kavu hawezi kusema kwa kutazama tu kama taa fulani imefifia kwa sababu ni ndogo au kwa sababu iko mbali. Taa ileile ikisogezwa mbali mara mbili, mwangaza unaofika jichoni unabaki robo. Mara kumi, unabaki sehemu moja kwa mia. Ukishajua umbali, na hapo tu, ndipo unaweza kukokotoa nguvu halisi ya taa. Nyota nazo zinafuata kanuni hiyohiyo, bila kupunguza neno.

Umbali, basi, ndio ufunguo, na kwa nyota hii ufunguo ulipatikana barani Afrika. Mwaka 1882 na 1883 wanaastronomia David Gill na William Elkin waliipima wakiwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Njia yao inaitwa paralaksi. Dunia ikilizunguka Jua, baada ya miezi sita inakuwa upande wa pili wa njia yake, kilomita milioni 300 kutoka ilipokuwa. Nyota ya karibu inaonekana kama imesogea kidogo mbele ya zile za mbali. Gill na Elkin walipata pembe ya 0.22 ya sekunde ya tao. Sekunde moja ya tao ni uzi mmoja wa pembe uliogawanywa mara 3,600, na wao walikuwa wakipima chini ya robo ya hapo, kwa macho yao, kwenye chombo cha karne ya 19. Leo satelaiti za Hipparcos na Gaia zimetupa 0.275, yaani umbali wa miaka nuru 11.9. Mwanga unaoingia jichoni mwako usiku wa leo ulianza safari karibu miaka 12 iliyopita. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo sasa yuko darasa la sita au la saba. Katika anga hilo ni jirani wa mlango wa pili.

Sasa hesabu inawezekana. Jua letu lingewekwa pale, kwenye umbali uleule, lingeonekana daraja la 2.6 hivi, angavu kidogo kuliko hiyo Alfa ya Tukani. Epsilon Indi inaonekana 4.7. Ukizilinganisha, mwanga wake unaoonekana kwa macho ni kama asilimia 15 ya ule wa Jua. Lakini sehemu kubwa ya nishati yake inatoka kama mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Ukiijumlisha nayo, unafika asilimia 22. Ni hafifu kwa sababu kweli ina nguvu ndogo, ingawa iko karibu.

Je, ina nguvu ndogo kwa sababu ni ya baridi, au kwa sababu ni ndogo kwa umbo? Hapa ndipo rangi inapoingia. Kitu kikipata moto zaidi, mwanga wake huhama kutoka wekundu kwenda chungwa, manjano, weupe na ubluu. Jicho halitoshi kwa kazi hii; kwenye nyota hafifu kama hii huoni rangi yoyote mpaka uchukue darubini ya mkononi, na hapo uchungwa unajitokeza. Kipimo kamili hupatikana kwa kuutawanya mwanga kuwa spektra na kuchunguza mistari myeusi inayoachwa na elementi zilizomo kwenye hewa ya nyota. Mistari hiyo hubadilika kufuatana na joto. Epsilon Indi imo katika kundi la K, moja chini ya kundi la G lililo na Jua. Jotoridi la uso wake ni kama kelvini 4,700. La Jua ni karibu 5,770.

Chukua kalamu. Gawanya 4,700 kwa 5,770, unapata 0.815 hivi. Kanuni ya fizikia inasema nishati inayotoka kwenye kila mita moja ya mraba ya uso hupanda kwa kipeo cha nne cha jotoridi, kwa hiyo zidisha 0.815 × 0.815 × 0.815 × 0.815: inakuja 0.44 hivi. Kila mita ya mraba ya Epsilon Indi inatoa asilimia 44 ya inachotoa mita ya mraba ya Jua. Ila nyota nzima inatoa asilimia 22. Basi eneo la uso wake lazima liwe nusu ya lile la Jua, na kama eneo ni nusu, kipenyo ni kipeuo cha pili cha nusu (namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa nusu), yaani 0.71. Umepima unene wa nyota ukiwa umekaa mezani. Baadaye wanaastronomia waliunganisha mwanga wa darubini zaidi ya moja pale Paranal, Chile, wakapima upana wa nyota hii moja kwa moja, na jibu likaja karibu na hapo: kipenyo chake ni kama sehemu saba kwa kumi za kipenyo cha Jua. Njia mbili zisizotegemeana zikikutana hivi, mimi huwa naridhika.

Rudia hesabu hiyo kwa jirani yake wa vidole viwili. Alfa ya Tukani nayo ni ya kundi la K, nayo ni ya chungwa, na jotoridi lake, kelvini 4,300 hivi, liko chini kidogo ya la Epsilon Indi. Umbali wake ni karibu miaka nuru 200, mara 17 ya Epsilon Indi. Kama zingekuwa nyota za aina moja, ingefifia mara 280 na jicho lisingeiona kamwe. Badala yake inaonekana angavu mara tano kuliko jirani. Uso wa baridi, umbali mkubwa, na bado inang'aa: maelezo yanayobaki ni ukubwa. Kipenyo chake ni kama mara 37 ya Jua, na nguvu yake inazidi mara 400. Ni nyota iliyomaliza haidrojeni ya kiini chake na kuvimba. Epsilon Indi bado inaunganisha haidrojeni yake kuwa heli taratibu.

Mwanafunzi makini atauliza kama hii siyo hesabu inayojizunguka. Siyo, maana spektra yenyewe inatofautisha jitu, yaani nyota iliyovimba, na kibete, yaani ile ambayo haijavimba. Hewa ya nyota iliyovimba ni nyepesi mno, shinikizo ni dogo, na baadhi ya mistari hutoka myembamba. Kwenye nyota iliyobanana kama Epsilon Indi atomu zinagongana mara kwa mara, na mistari hiyo hupanuka. Mtaalamu akiona spektra hizo mbili anajua ipi ni jitu hata kabla ya kuambiwa umbali.

Alnair, juu yake, ni kesi nyingine: uso wake unazidi kelvini 13,000 na iko umbali wa miaka nuru 101. Kipenyo chake kinazidi cha Jua mara chache tu. Moto wake ndio unaoifanya itawale sehemu ile ya anga.

Tungamo la Epsilon Indi ni kama 0.78 ya lile la Jua. Tofauti inaonekana ndogo, lakini athari yake kwa umri wa kuishi ni kubwa, kwa kuwa kiini kisichobanwa sana huchoma mafuta yake kwa uchache. Jua lina maisha ya miaka bilioni 10 hivi katika hatua hii. Epsilon Indi itapita bilioni 20 bila shaka. Umri wake wa sasa unakadiriwa miaka bilioni 3.5, mdogo kuliko wa Jua lenye bilioni 4.6.

Mwaka 1847 Heinrich d'Arrest alilinganisha orodha za nyota za zamani, moja ikiwa ya karibu mwaka 1750, akaona kuwa nyota hii imehama. Inasogea sekunde za tao 4.7 kila mwaka, na hivyo huchukua miaka 400 hivi kuvuka upana wa mwezi mpevu. Kwa nyota za macho matupu huo ni mwendo mkubwa sana. Ni mbili tu zinazoizidi. Ukiugeuza kuwa kasi, pamoja na ile inayoielekea Dunia, unapata kilomita 90 hivi kwa sekunde. Itavuka mpaka na kuingia kundinyota la Tukani karibu mwaka 2640, na baada ya miaka 17,500 hivi itakuwa imetukaribia hadi miaka nuru 10.6, kisha ianze kuondoka.

Haisafiri peke yake. Mwaka 2003 iligunduliwa kuwa ina mwenzake wa mbali, kiasi cha mara 1,460 ya umbali wa Dunia hadi Jua, na mwaka huohuo ikaonekana kuwa mwenzake ni wawili wanaozungukana. Wote ni vibete vya kahawia, maumbo yasiyofikia uzito wa kuunganisha haidrojeni kama nyota kamili. Kwa kuangalia jinsi wanavyozungukana, matungamo yao yamepimwa: mmoja ni karibu mara 67 ya sayari ya Mshtarii, mwingine mara 53. Kwa sababu walizaliwa pamoja na Epsilon Indi, umri wake ndio umri wao, na hilo limewafanya kuwa mtihani mgumu kwa nadharia za namna vitu hivi vinavyopoa.

Kisha kuna sayari. Kwa miaka mingi vipimo vilionyesha nyota ikiyumba polepole, ikivutwa na kitu kizito kisichoonekana. Timu iliyoongozwa na Elisabeth Matthews wa Taasisi ya Max Planck ya Astronomia, Heidelberg, ilielekeza huko darubini ya anga ya James Webb, ikiuziba mwanga wa nyota kwa kifaa maalumu na kutazama kwa infraredi ya mawimbi marefu. Matokeo yalichapishwa Julai 2024. Sayari ilikuwepo, lakini nje zaidi ya ilikotarajiwa na nzito karibu mara mbili ya makadirio ya awali: tungamo lake ni kama mara sita ya Mshtarii. Jotoridi lake ni karibu digrii 2 za Selsiasi, miongoni mwa sayari baridi kabisa zilizowahi kupigwa picha moja kwa moja. Katika infraredi ya mawimbi mafupi haikuonekana ingawa ilitarajiwa, jambo linaloashiria hewa yenye methani na gesi nyingine za kaboni kwa wingi, au mawingu yanayozuia mwanga huo. Kwa hesabu za sasa mzunguko wake mmoja unazidi karne moja, hivyo kila picha mpya itaongeza kipande kifupi tu cha njia yake, na tungamo lake litaendelea kusahihishwa kadiri vipande hivyo vinavyounganishwa.