Je, wajua kwa nini goti linauma lakini daktari anapiga picha ya mkono?

Kijana wa miaka 13 ameumia goti uwanjani, Kamalondo, mjini Lubumbashi. Ligamenti ya msalaba ya mbele, inayozuia mfupa wa muundi usichomoke mbele, imekatika. Daktari wa mifupa anaagiza picha ya goti, kisha radio, yaani picha ya eksirei, ya mkono wa kushoto. Hapo wazazi wanakasirika: kumbe mtoto wetu anashukiwa kupunguza miaka!

Shaka hiyo ina asili yake. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009, FIFA huchunguza kifundo cha mkono kwa mashine ya sumaku (MRI). Lakini swali la kule ni fupi: mfupa umeshafunga kabisa au bado? Daktari wa goti hashughuliki na cheti cha kuzaliwa. Anataka kujua mguu umebakiza kukua kiasi gani, na vijana wawili wa miaka 13, wote wakweli, wanaweza kupishana hata miaka miwili kwa ukomavu wa mifupa. Mkono una mifupa midogo mingi inayokomaa kwa zamu, na yote huingia katika picha moja.

Ligamenti hiyo kwa kawaida haishonwi. Huwekwa kano iliyotolewa mguuni mwa mgonjwa mwenyewe, na ili ishike, mifupa hutobolewa. Tatizo ni kwamba tundu huweza kupita kwenye tabaka la gegedu karibu na goti, ndiko urefu unakotengenezwa. Lile la paja huongeza karibu milimita 9 kwa mwaka. Fikiria mafundi wawili wakipandisha ukuta mmoja, huyu kushoto, yule kulia. Wa kushoto akizuiwa, wa kulia hana habari, anaendelea kupanga matofali. Ukifika wakati wa kuezeka, mbao zinalala kushoto. Tundu likiharibu upande mmoja wa tabaka, mfupa ukaziba pale, mguu hupinda vivyo hivyo. Wakizuiwa wote, unabaki mfupi.

Basi kwa aliyebakiza mengi, kano huweza kuzungushwa nje ya mfupa. Aliyekaribia kumaliza hupasuliwa kama mtu mzima. Kungoja tu nako kuna hasara: goti lililolegea huchana menisko, gegedu linalokinga mifupa ndani ya goti.

Ila atlasi maarufu, yaani kitabu cha picha za mfano za kulinganishia picha ya mkono, ya Greulich na Pyle, ilitokana na watoto wa familia zenye uwezo wa Cleveland, Marekani, waliopigwa picha hasa miaka ya 1930. Kijana wa Katuba, Lubumbashi, aliyekulia bukari (ugali), anapimwa kwa hao! Kwa hiyo daktari makini huuliza pia: sauti imeanza kukwaruza? Binti ameshavunja ungo? Viatu vya mwaka jana bado vinamtosha?