Daraja lililofanana na rafu

Mpwa wangu alikuja kutazama treni Jumamosi moja, akaliona daraja nililokuwa nimelitolea jasho wiki tatu, akauliza, "Mjomba, hiyo rafu utaweka nini juu yake?" Nilicheka kwa kukosa la kujibu. Mchana kazi yangu ni kuchora ramani za madaraja, na usiku nachezea reli ndogo chumbani kwangu hapa Changamwe. Na mtoto wa miaka tisa alikuwa ameona kosa ambalo macho yangu yalilipita kila siku.

Nianze na meza inayobeba reli hizo. Ina umbo la L, upande mrefu ni mita tatu na nusu, upana ni sentimita 70, plaiwudi juu ya fremu ya mbao. Skeli ni HO, maana yake kila kipimo cha kweli nakigawanya kwa 87, na mita moja inabaki milimita 11.5. Reli zina nafasi ya milimita 16.5 katikati, ambayo ndiyo milimita 1435 za SGR, reli mpya ya Kenya. Ninachoigiza ni SGR yetu kati ya Mombasa na Voi: udongo mwekundu, uzio, matuta marefu, jua. Abiria wa Madaraka Express wamekuwa wakivutwa na injini za jamii ya DF11 tangu safari zilipofunguliwa mwaka 2017, na bahati nzuri Bachmann, watengenezaji wa treni za modeli, waliitoa DF11 kwa soko la China, kwa hiyo kichwa cha treni sikuhitaji kukichonga. Anayetaka reli ya zamani ya mita moja, katika skeli hii atatumia reli za milimita 12, na hapo atakuwa na shida nyingine kabisa.

Daraja lilihitajika kwa sababu isiyo ya heshima sana. Mwisho wa meza treni huingia tundu ukutani na kwenda kujificha upande wa pili, kwenye ubao wa kupangia mabehewa. Tundu likiachwa wazi linaua kila kitu. Unaona treni ikiingia ukutani kama panya. Wajenzi wa reli ndogo duniani kote huficha tundu hilo kwa daraja. Uzuri wa SGR ni kwamba hila hii ni kweli pia: njia ina uzio, na barabara hupita juu yake au chini yake. Kwa hiyo daraja la zege lenye malori juu lilikuwa mahali pake.

Jambo la kwanza lililonishinda lilikuwa urefu wa kwenda juu. Usisome jedwali, chukua mzigo wako mrefu kuliko yote, uweke kwenye reli, upime. Makontena mawili marefu yaliyopandana kwenye behewa la tumbo la chini hufika kama mita 6.15 kutoka kichwa cha reli, yaani milimita 71 mezani. Mimi nilitaka tumbo la daraja liwe milimita 84 juu ya reli. Ongeza unene wa daraja lenyewe, milimita 17, na barabara iko milimita 101 juu. Sasa piga hesabu ya mpando. Kwa asilimia 6, ambayo lori lililojaa huipanda likinung'unika, kufika milimita 101 kunataka karibu sentimita 170 kila upande. Meza yangu ina upana wa sentimita 70. Basi!

Wengi hapo huinua barabara kwa mpando wa paa la nyumba, kisha wanashangaa kwa nini inaonekana ya watoto. Dawa ni kuishusha reli badala ya kuipandisha barabara. Niliinua ardhi yote ya upande ule kwa sentimita 6, treni ikawa inapita ndani ya mkato, barabara ikabakiwa na sentimita 4 tu za kupanda. Hata hizo hazitoshi kwenye upana wangu, lakini ukingo wa mbele wa meza unaikata barabara kama kisu kinavyokata mkate, na jicho haliulizi sehemu iliyobaki iko wapi. Jicho huuliza pale tu panapokuwa na mpando usiowezekana.

Turudi kwenye rafu. Daraja la kwanza lilikuwa kipande cha ubao wa povu, unene wa milimita 5, kimelala juu ya kuta mbili, na kingo nzuri kabisa pembeni. Uwazi wa katikati ulikuwa milimita 287, yaani mita 25 za kweli. Milimita 5 ni kama sentimita 43. Hakuna mhandisi aliye na akili timamu atakayevusha malori mita 25 juu ya zege la sentimita 43 lisilo na boriti. Madaraja ya boriti za zege za aina hii huwa na unene wa takriban sehemu moja ya 16 hadi ya 20 ya uwazi wake, kwa mita 25 ni kama mita moja na nusu. Nafahamu uwiano huo kama ninavyofahamu njia ya nyumbani, lakini mezani niliusahau, kwa sababu mezani hakuna kitu kinachoanguka.

Nilipoongeza boriti nne za milimita 15 chini ya bamba la milimita 2, daraja likapata uzito. Bado lakini halikuwa sawa, na hapa ndipo nilipokaa siku kadhaa nikilitazama kwa tochi. Boriti za nje nilizigundisha pale pale kwenye ukingo wa bamba. Madaraja halisi hayako hivyo. Bamba hutokeza nje ya boriti ya mwisho kwa mita moja au zaidi, na jua letu la utosini hutupa kivuli chini ya mtokezo huo. Ukiwa mbali barabarani, unachokiona kwanza ni mstari mweupe mwembamba wa ukingo, na chini yake giza, na ndani ya giza ndiyo boriti. Daraja la chuma la zamani, kama yale ya enzi ya Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli pale Tsavo hadi mwaka 1899, hukuonyesha kazi yake yote, kila mshipa na kila ribiti. Zege halikuonyeshi chochote. Kinachokuambia kwamba limebeba mzigo ni kile kivuli.

Nilizisogeza boriti ndani milimita 14 kila upande. Upana wote wa daraja ni milimita 125: njia mbili za mita tatu na nusu, mita moja na nusu ya waenda kwa miguu kila upande, na kingo. Zilizobaki kati ya boriti ya kwanza na ya nne ni milimita 97, kwa hiyo boriti zinakaa kila baada ya milimita 32 hivi. Nilipozima taa ya chumba na kushika balbu moja juu, mstari ukatokea. Ningekuwa na daraja bovu la rangi lakini lenye kivuli hicho, ningelala vizuri.

Kosa la pili nalitaja haraka kwa sababu linaniaibisha. Chini ya daraja nina njia mbili, ya kawaida na ya kupishania, zikiwa zimeachana milimita 57. Nikaweka nguzo katikati yake, ya mviringo, nzuri. Lakini reli inaanza kupinda pale pale, kwa nusu kipenyo cha sentimita 60, na behewa la abiria la mita 25.5 lenye mita 18 kati ya vitovu vya magurudumu yake huegemea ndani ya tao. Hesabu ni rahisi: chukua hizo mita 18 kwa skeli, ni milimita 207, zizidishe kwa zenyewe, gawanya kwa mara nane ya nusu kipenyo. Jibu ni karibu milimita 9. Nusu ya upana wa behewa ni karibu 18. Jumla 27, na nguzo ilianza kabla ya hapo. Behewa la kwanza lilipiga nguzo, la pili likaja kulisaidia. Kijana akiniletea mchoro wa namna hiyo kazini ningemfokea. Nguzo ikang'olewa, ndiyo maana uwazi ni mmoja tu wa mita 25.

Vifaa sasa. Plastiki za kuchongea modeli za kuagiza ng'ambo ni ghali, na sizihitaji. Watu wanaotengeneza mabango wana mabaki ya ubao wa PVC, ule mweupe mwepesi, wa milimita 2, 3 na 5, na wengi hukupa kwa bei ya soda. Unakatika kwa kisu cha karatasi na rula ya chuma, unashikana kwa supagluu, na ukipitishwa msasa laini unapata uso kama zege lililotoka kwenye fomu. Kuta za mwisho wa daraja nilizichora vigae vya umbo la msalaba, milimita 17 kila kimoja, kwa ncha ya kalamu isiyo na wino. Ndizo zile kuta za udongo ulioimarishwa ambazo Mfaransa Henri Vidal alizibuni miaka ya 1960. Husimama wima, na wima ndiyo inayokuokoa mezani. Tuta la mteremko wa kawaida lenye kimo kile kile lingenila sentimita kadhaa za meza kila upande.

Ila PVC ina adui. Nilipaka rangi bamba la juu, upande mmoja tu, nikaliweka juu ya mabati likauke, jua la saa saba mchana. Nilikwenda kula. Niliporudi lilikuwa limejikunja kama ndizi. Paka pande zote mbili, kausha kivulini, na uweke kitabu kizito juu.

Kingo nilitengeneza kwa umbo lile la vizuizi vya barabara vya New Jersey, pana chini na jembamba juu, kimo cha sentimita 81, mezani milimita 9 na ushee. Nilichonga kimoja kirefu kwa uangalifu, nikatengeneza kalibu ya silikoni, vingine vyote nikamimina kwa plasta. Kila milimita 35 nilikata mstari mwembamba, kwa sababu zege refu lisilo na viungo ni zege la kwenye katuni. Barabara ni msasa wa namba 600, umeinuliwa milimita moja katikati ili maji yateremke pembeni. Msasa mweusi usiuache mweusi. Lami ikishakaa miaka miwili juani ni kijivu, na magurudumu huacha mistari miwili iliyokolea kila njia. Zege nalo: nyeupe, tone la nyeusi, na tone la manjano ya udongo. Ukiacha manjano linakuwa la baridi, la nchi ya mawingu.

Nilitoboa matundu ya maji kwenye bamba, matatu kila upande, na chini ya kila tundu nikaburuta masizi kwa brashi kavu kuelekea chini. Hakuna daraja la miaka mitano lisilolia chini ya matundu yake.

Udongo ni wa Voi hasa, niliubeba kwenye mfuko nikirudi safarini. Nikaukaanga kwenye sufuria kuua mayai ya wadudu, nikauchuja kwa soksi, kisha nikapitisha sumaku mara nyingi. Sumaku ilitoka na ndevu nyeusi. Ukiupuuza mchanga huo, siku moja utaingia kwenye mota ya injini na kushikamana na sumaku yake. Baada ya hapo ni gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji na tone la sabuni ya vyombo.

Magari yanataka tahadhari moja. Yanayouzwa kwa wajenzi wa Uingereza mengi ni ya skeli ya 1:76, na hiyo ni zaidi ya HO kwa karibu asilimia 15. Lori moja peke yake halikupi shida. Liweke jirani na kontena la treni, nawe utaona dereva ni jitu.

Nilichobadilisha mwisho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Daraja la kwanza lilikuwa limegandishwa kabisa. Daraja halisi haligandi: boriti hukaa juu ya vipande vya mpira vilivyo juu ya ukuta, ili zege litanuke kwa joto na kunywea kwa baridi, na mpira ukichoka daraja huinuliwa kwa jeki ukabadilishwa. Nikakata vipande vinane kwenye tyubu ya baiskeli, milimita 4 kwa 5, nikavigandisha kwenye kuta tu. Boriti zinavikalia bila gundi. Kati ya bamba na barabara ya pande zote mbili kuna mwanya wa nusu milimita, mweusi, na ndio ule mwanya wa kutanukia unaokupiga tako ukiwa ndani ya matatu.

Juzi mpwa wangu alirudi. Aliendesha DF8B, injini ya mizigo, na makontena kwa kasi isiyo halali, mabehewa mawili yakaanguka chini kabisa ya daraja, mahali mkono wangu haufiki. Nilimwambia ashike bamba kwa vidole pande zote mbili, alinyanyue polepole. Likatoka zima, na malori yake juu. Akaliweka kitandani, akayarudisha mabehewa relini, kisha akalitazama lile bamba lililopinduka ubavu, na zile boriti nne chini yake, akasema, "Kumbe ina mbavu."