Sheria ya ushindani inamtafutia nani nafuu?

Mwezi Septemba 2022 Baraza la Ushindani la Tanzania, linalosikiliza rufaa za kesi za ushindani, lilitengua uamuzi wa Tume ya Ushindani, ambayo miezi michache kabla ilikuwa imeiruhusu kampuni ya Scancem, mwenye hisa nyingi katika kiwanda cha saruji cha Twiga pale Wazo Hill, inunue hisa nyingi za Tanga Cement. Hoja iliyobeba rufaa ilikuwa ya hesabu: viwanda hivyo viwili vikiwa chini ya mmiliki mmoja vingevuka asilimia 35 ya soko, kiwango ambacho sheria ilikitumia kumtambua mwenye nguvu ya kulitawala soko. Hata hivyo, asilimia hiyo haimwambii mtu kwa nini sheria iliwekwa. Je, iliwekwa kwa ajili ya mkazi wa Mbagala anayenunua mifuko kumi ya kumalizia msingi, kwa ajili ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetaka kuwa na wauzaji zaidi ya mmoja wa kumpa mzigo, kwa ajili ya mfanyakazi wa kiwandani Tanga, au kwa ajili ya nchi inayotaka viwanda vyake visife? Wanasheria na wachumi hawajakubaliana juu ya jibu, na kutokubaliana huko kuna historia ndefu.

Marekani ilipotunga Sheria ya Sherman mwaka 1890, Bunge lilipiga marufuku mikataba ya kubana biashara na majaribio ya kuhodhi soko, lakini halikuandika lengo la marufuku hayo. Kazi ya kulitafuta lengo ikawaangukia majaji. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliridhia kampuni ya mafuta ya Standard Oil igawanywe, na zikatoka kampuni 34. Mwaka 1962, katika shauri la Brown Shoe, mahakama hiyohiyo ilizuia muungano wa wauza viatu na kukiri waziwazi kwamba kuwalinda wafanyabiashara wadogo kunaweza wakati mwingine kumgharimu mnunuzi bei ya juu zaidi. Jambo la kushangaza ni kwamba hukumu hiyo pia ndiyo iliyotamka kuwa sheria inalinda ushindani, hailindi washindani. Kila upande wa mjadala umekuwa ukichota humo sentensi inayoufaa.

Mwaka 1978 Robert Bork, mwanasheria wa Marekani, aliandika kwamba lengo halali ni moja tu, ustawi wa mlaji, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaichukua kauli hiyo. Tangu hapo swali kuu mahakamani likawa kama bei imepanda au uzalishaji umepungua. Lakini msomaji ajihadhari na neno mlaji katika hoja ya Bork. Hesabu yake iliangalia faida yote inayopatikana katika uchumi, pamoja na inayobaki mfukoni mwa mwenye hisa, kwa hiyo muungano uliopunguza gharama za kiwanda ungeweza kupita katika mizani yake hata kama mnunuzi hakushushiwa bei. Naona hapa ndipo watu wengi walipotekwa na neno zuri bila kuuliza lina nini ndani.

Mwaka 2017 Lina Khan, akiwa bado mwanafunzi wa sheria, alichapisha makala kuhusu Amazon, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, akieleza kuwa bei ya chini si ushahidi wa kutosha kuwa soko lina afya, kwa sababu kampuni inaweza kuuza kwa hasara miaka mingi ili baadaye washindani wake wasiweze kufanya biashara bila kupita mlangoni kwake. Mwaka 2021 aliteuliwa kuongoza tume ya biashara ya Marekani, na mjadala ukatoka vyuoni ukaingia kwenye mashauri.

Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 haikuacha pengo kama lile la Sherman. Kifungu cha 3 kinasema shabaha yake ni kuinua ustawi wa wananchi wa Tanzania kwa ujumla, kwa kukuza na kulinda ushindani katika masoko na kuzuia mienendo isiyo ya haki na ya kupotosha, ili ufanisi uongezeke, ubunifu ukue, rasilimali zitumike vizuri na mlaji alindwe. Tazama mpangilio huo: mlaji ametajwa, lakini kama mmoja wa wanaonufaika, na juu yake wamewekwa wananchi kwa ujumla. Dereva, mkulima na mfanyakazi nao ni wananchi. Kwa maoni yangu, anayeisoma sheria hii kana kwamba inahusu bei ya dukani peke yake anaisoma kwa miwani ya Bork.

Tofauti hiyo ilionekana Dar es Salaam mwaka 2022, katika suala la teksi za mtandao. Abiria alifurahia nauli nafuu, huku madereva wakilalamikia kamisheni wanayokatwa. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, iliposhusha kamisheni hadi asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma zake nchini mwezi Aprili, ikarejea mwaka 2023 baada ya masharti kubadilishwa. Mtu anayepima bei ya abiria pekee hakuona tatizo lolote tangu mwanzo. Anayemtazama dereva kama muuzaji wa kazi yake, ambaye wanunuzi wa kazi hiyo ni wachache, aliona nguvu ya soko ikifanya kazi upande wa pili. Na tukumbuke kuwa suala hilo lilishughulikiwa na mdhibiti wa usafiri, wala si kwa sheria ya ushindani.

Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 1998 inataja ajira, biashara ndogo na za kati, na umiliki wa watu walionyimwa fursa zamani, na Walmart ya Marekani ilipoinunua Massmart, kampuni ya maduka ya huko, iliwekewa masharti yaliyogusa wafanyakazi na wazalishaji wa ndani. Wanaopinga njia hii wana hoja nzito. Malengo yakiwa mengi, mwamuzi anaweza kuchagua linalomfaa siku hiyo, na mfanyabiashara mwenye jina kubwa au mwenye marafiki anaweza kuivaa kanzu ya maslahi ya umma ili asishindane na mtu. Dawa yake, nionavyo, ni kila uamuzi kuandikwa kwa sababu zinazosomeka: nani anaumia, kwa njia gani, na lengo lipi la kifungu cha 3 limezidi lipi uzito. Ununuzi wa Tanga Cement ulikamilika mwaka 2023 baada ya maombi mapya, na mtu wa kawaida aliyeufuatilia alikuwa na haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, ni nini kilichobadilika katika mizani kati ya uamuzi wa kwanza na wa pili.