Miaka saba ya sokoni na miaka saba ya simu

Mteja wangu mmoja ananunua mahindi pale soko la Kibaigwa. Siku moja simu yake ikaingiza ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Bahati mbaya alikuwa anadaiwa kweli, na mkulima wa Mlali. Akatuma shilingi 380,000. Jioni mkulima alipopiga kuulizia chake, mzee akajua kashapigwa.

"Wakili, huyu si tapeli tu kama wale wa stendi?"

Kwa mtaani, ndiyo. Kisheria mambo yanatofautiana. Angemdanganya uso kwa uso, palepale kwenye magunia, lingekuwa kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu chini ya Kanuni ya Adhabu. Huko miaka saba ndiyo mwisho. Hakimu anaweza kutoa hata miezi sita. Lakini ukijifanya mtu mwingine kwa kutumia simu, unaangukia kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyopitishwa hapahapa Dodoma Aprili 2015. Adhabu ni faini isiyopungua milioni 5 au mara tatu ya ulichojipatia, yoyote iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Kule saba ni mwisho, huku saba ni mwanzo.

Ukali huo nauelewa. Wa sokoni humlaghai mtu mmoja, wa simu hutuma jumbe mia kabla hajanywa chai. Ila kima cha chini kinamfunga hakimu mikono: kijana aliyekula 20,000 faini yake inaanzia mara 250 ya alichokula. Hapo mimi na watunga sheria tunaachana.

Halafu kuna swali ambalo wakili wa utetezi hatalikosa: huyu alijifanya nani, wakati ujumbe hauna jina la mtu? Jibu langu ni kwamba maneno "ile hela" tayari ni sauti ya mdai. Si kila hakimu atakubali.

Mzee alinisikiliza, kisha akauliza kama hiyo mara tatu ni yake. Nikamweleza kuwa faini huenda serikalini; fidia inaombwa na kuamriwa kivyake. Nikamwomba simu niusome ujumbe wenyewe.

Alishaufuta, kwa hasira, usiku uleule. Umebaki muamala tu, wenye jina la mwanamke ambaye hajawahi kumsikia.