Kufundisha sanaa hakumkaushi msanii

Kwa miaka mingi watu wamesadiki kwamba anayefundisha sanaa ni yule aliyeshindwa kuifanya, na kwamba furaha ya kubuni humtoka msanii pindi anaposhika chaki. Dhana hiyo si sahihi, na huwavunja moyo walimu wanaofanya kazi yao kwa moyo mweupe.

Ni kweli kwamba kufundisha hula muda, na uchovu wake si wa kubuniwa. Hata hivyo, mchoraji Paul Klee, aliyefundisha katika chuo cha sanaa cha Bauhaus nchini Ujerumani kuanzia mwaka 1921 hadi 1931, aliendelea kuchora kwa wingi katika miaka hiyohiyo.

Mfano wa mchoraji Josef Albers, aliyesoma na kufundisha hapohapo kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1933, uko wazi zaidi. Aliwapa wanafunzi zoezi la kuchukua vipande viwili vya karatasi ya rangi ileile, kuviweka juu ya karatasi mbili za rangi tofauti, kisha kutazama kwa makini mpaka vionekane kana kwamba havifanani kabisa. Zoezi hilo halikuwa hila ya darasani, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa amechoka kulistaajabia: kuanzia mwaka 1950 hadi alipofariki mwaka 1976 alichora mamia ya picha za miraba iliyopangwa mmoja ndani ya mwingine, akilifuatilia swali lilelile alilowauliza wanafunzi wake: jinsi rangi moja inavyobadilika machoni kutokana na rangi inayoizunguka.